Grogan wa Chiromo na Samaki wa Mto Gura

Ardhi ya bewa la Chiromo, kando ya Mto Nairobi upande wa Westlands, iliwahi kuwa makazi ya mlowezi Ewart Scott Grogan. Jina Chiromo lenyewe alilitoa Nyasaland, nchi iitwayo Malawi hivi leo.

Grogan alizaliwa London mwaka 1874. Aliacha masomo Cambridge bila shahada. Kati ya 1898 na 1900 alisafiri, aghalabu kwa miguu, kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, ili amthibitishie baba wa kambo wa Gertrude Watt kwamba alistahili kumwoa binti huyo. Walifunga ndoa mwaka 1900, na kufikia 1904 Grogan alikuwa Nairobi.

Mwaka 1905 aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti. Yalivuka bahari yakihifadhiwa katika ubaridi, yakapandishwa reli, kisha wapagazi wakayachukua hadi Mto Gura katika milima ya Nyandarua. Trauti hutaka maji baridi, maangavu, yenye hewa tele. Walowezi walitamani kuvua jinsi watu wa tabaka lao walivyovua katika mito ya ardhi ya chokaa kusini mwa Uingereza, kama vile Test: mvuvi hurusha mshipi wenye nzi bandia, aliyeundwa kwa manyoya na uzi juu ya ndoana, akimhadaa samaki kwamba mdudu ametua majini. Mwafrika aliyebeba mayai hayo mabegani hakualikwa kwenye starehe hiyo.

Mtu huyohuyo, mnamo Machi 1907, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, kwa madai kwamba waliwavunjia heshima wanawake wa Kizungu. Walowezi wenzake walikusanyika kushuhudia. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja tu, na hadhi yake miongoni mwao haikupungua. Ni vigumu kumpenda Grogan, wala si lazima.

Utajiri wake ulienea: misitu ya mbao, bandari ya Mbaraki, hoteli ya Torr's katikati ya jiji, na ardhi ya kinamasi kandokando ya mto. Gertrude alipofariki mwaka 1943, Grogan alitoa ardhi Muthaiga ijengwe hospitali ya watoto yenye jina la mkewe. Barabara ya Grogan iligeuzwa kuwa Barabara ya Kirinyaga, ila mafundi wa magari wangali wanaliita eneo hilo Grogan. Alifariki Cape Town mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 92.

Mto Nairobi, ambao jina lake katika Kimaasai ni maji baridi, hutoka kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Ufikapo Chiromo huwa umekwisha kupokea majitaka ya vitongoji vya magharibi. Ufikapo Gikomba, ni mweusi. Serikali iliunda tume ya mito ya Nairobi mwaka 2022, miongo mingi baada ya uharibifu kuanza. Trauti wa Gura wangali hai, kwa kuwa chemchemi za mto huo zimo ndani ya msitu wa Nyandarua. Msitu ukikatwa, maji hupata joto na tope hufunika changarawe wanamotagia.