Roosevelt: Rais aliyeshinda uchaguzi mara nne, akaondoka kwa presha

Franklin D. Roosevelt ndiye Rais pekee wa Marekani aliyechaguliwa mara nne. Aliivusha nchi yake kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, kisha akaiongoza kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ila kuna adui mmoja aliyemnyemelea miaka yote hiyo: presha.

Alizaliwa Januari 30, 1882 huko Hyde Park, New York. Mwaka 1921, akiwa na miaka 39, aliugua ugonjwa uliotajwa kuwa polio na miguu ikapooza. Wengi walidhani siasa kwake ndo basi tena. Haikuwa hivyo. Machi 1933 akaapishwa kuwa Rais.

Namba zilizopanda kimyakimya

Mwaka 1935 presha yake ilikuwa 136/78. Mwaka 1937 ikafika 162/98, na 1941 ikawa 188/105. Leo, mtu akipimwa zaidi ya mara moja na kukutwa na 140/90 au zaidi, anaambiwa ana shinikizo la juu la damu.

Zama zile madaktari wengi waliona presha kupanda ni mambo ya umri tu. Daktari wake, Ross McIntire, alikuwa bingwa wa masikio, pua na koo. Roosevelt akaendelea na maisha yake: sigara nyingi kila siku na presha ya vita juu yake.

Masharti yanakuja 1944

Machi 1944 binti yake, Anna, aliona baba hayuko sawa, akataka apimwe vizuri. Daktari wa moyo, Howard Bruenn, alimkuta na presha ya 186/108. Moyo ulikuwa umetanuka na umeanza kushindwa kazi.

Vidonge vya presha tunavyovijua leo havikuwepo. Bruenn alimpa dawa ya kuusaidia moyo, digitali, na masharti: chumvi ipungue, uzito ushuke, sigara zipungue, kazi iwe ya saa chache na mapumziko yawe mengi. Rais akaenda kupumzika South Carolina karibu mwezi mzima.

Alipata nafuu. Mapafu yalisafika, moyo ukapungua ukubwa, usingizi ukarudi. Lakini presha yenyewe iligoma kushuka. Ilishakaa mwilini miaka mingi mno.

Wananchi waliambiwa afya yake ni nzuri. Hata yeye hakuwahi kumuuliza Bruenn anaumwa nini. Novemba akashinda tena uchaguzi, na Februari 1945 akasafiri hadi Yalta kukutana na Churchill na Stalin.

Siku ya mwisho

Aprili 12, 1945, akiwa Warm Springs, Georgia, alikuwa amekaa akichorwa picha. Ghafla akalalamika kichwa kinamuuma sana, akapoteza fahamu. Presha ilipimwa: 300/190. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kwenye ubongo. Alifariki alasiri hiyo, akiwa na miaka 63.

Miaka mitatu baadaye, 1948, ulianza utafiti wa Framingham, uliokuja kuonyesha jinsi presha na sigara zinavyouharibu moyo. Kidonge cha klorothiazidi, kilichobadilisha tiba ya presha, kilikuja 1958.

Kwa nini inakuhusu

Masharti aliyopewa Roosevelt hayakuwa mabaya, yalichelewa. Yangeanza 1937, huenda yangemsaidia zaidi. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na afanye mazoezi walau dakika 150 kwa wiki. Presha ikiwa imepanda kidogo tu, daktari anaweza kukuanzishia hapo kabla ya vidonge. Kama tayari unatumia dawa, usiache bila kumuona daktari.

Na kama hujui namba zako, nenda kapime. Presha haibishi hodi, hata kwa Rais haikubisha.