Alfred Büchi: Bwana Aliyeutumikisha Moshi

Jina la Rudolf Diesel halina mgeni. Limeandikwa katika kila kituo cha mafuta, na hata mtoto mdogo hulitaja. Lakini ule mluzi usikikao lori linapopanda na mzigo kutoka Miritini kuelekea Mazeras, mluzi wa turbo, ni kazi ya bwana mwingine ambaye wachache humjua. Leo napenda kusimulia maisha yake, kwani vijana wetu wengi hutamani kuzitia turbo injini zao kwa fedha kidogo, na njia aliyoipita bwana huyu ingewaokolea hasara kubwa.

Alfred Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai 1879 huko Winterthur, mji wa viwanda katika nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa na cheo katika kiwanda cha Sulzer, kilichotengeneza mitambo ya mvuke na baadaye injini za dizeli. Basi mtoto alikua akisikia mlio wa vyuma tangu utotoni. Mwaka 1899 aliingia chuo cha ufundi cha Zurich, akahitimu mwaka 1903, kisha akaenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza.

Jambo lililomkera Büchi lilikuwa israfu. Ukitia mafuta ya shilingi tatu katika injini ya siku zile, ilikuwa bahati shilingi moja ikigeuka kazi. Zilizobaki zilipotea kwa joto, na fungu kubwa lilitoka pamoja na moshi. Yeye akawaza: moshi huu una joto na una mbio, kwa nini uachwe uende bure? Akabuni gurudumu lenye mapanga, likae katika njia ya moshi na kuzungushwa nao. Katika mtaimbo huo huo akatia gurudumu la pili, lisukume hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huungua, na injini ile ile hufanya kazi kubwa kuliko umbo lake. Tarehe 16 Novemba 1905 aliandikisha uvumbuzi wake Ujerumani. Alikuwa na umri wa miaka 26 tu.

Je, utajiri ulimjia kesho yake? La hasha! Ilipita miaka 20. Mwaka 1909 alirudi Winterthur kufanya utafiti wa dizeli katika kiwanda cha Sulzer, na mwaka 1915 injini yake ya majaribio ikawa tayari. Lakini haikuaminika, kwani shinikizo la hewa halikutulia. Mwingine angalikata tamaa.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Büchi alitambua kwamba gurudumu peke yake halitoshi; injini yenyewe lazima iandaliwe kuipokea ile hewa. Akapanga vali ya kuingiza hewa ifunguke kabla ile ya moshi haijafunga, ili hewa safi ifagie moshi uliobaki na kuzipoza pistoni na vali. Tena akatenganisha mabomba ya moshi, ili pumzi ya silinda moja isiizibe njia ya mwenzake. Kufikia mwaka 1925 injini yake ilitoa nguvu zaidi ya asilimia 40 juu ya zile za awali. Mwaka 1926 meli mbili za abiria za Kijerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilishushwa majini zikiwa na injini za silinda 10, ambazo nguvu zake zilipandishwa kutoka farasi 1,750 hadi 2,500. Mwaka 1938 kiwanda cha Saurer cha Uswisi kikatoa lori lenye turbo.

Sasa natazama mambo ya kwetu. Niliwahi kumwona kijana mmoja, fundi hodari, aliyenunua turbo kuukuu akaifunga kwenye injini iliyochoka ya gari lake la kazi. Siku ya kwanza gari liliruka kama swala. Kabla mwezi mwingine haujaandama, pistoni ilitoboka, na rizki ya nyumba nzima ikasimama. Alianza pale Büchi alipomalizia.

Mwenye fedha haba na azigawe kwa mpango. Kwanza apime mgandamizo wa kila silinda, ajue kama injini ni nzima. Pili atengeneze radieta, pampu ya maji na njia ya oili, kwani mtaimbo wa turbo ya gari huweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, nao huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Tatu apange mafuta yalingane na hewa itakayoingia. Mwisho kabisa ndipo anunue turbo. Ikiwa imetumika, autikise mtaimbo kwa vidole, na mapanga yakigusa ukuta aiache dukani. Kisha aanze na shinikizo dogo.

Hata wakubwa huadhibiwa wakipuuza hayo. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani iliuza gari la petroli lenye turbo, liitwalo Jetfire. Mgandamizo wake ulikuwa mkubwa mno, hata likahitaji kunyunyiziwa maji na spiriti ili petroli isilipuke kabla ya wakati. Wenye magari wengi walisahau kuijaza ile tangi, matatizo yakazidi, na baada ya mwaka 1963 gari hilo halikutengenezwa tena.

Büchi hakuyaona hayo. Alifariki mjini Winterthur tarehe 27 Oktoba 1959, akiwa na umri wa miaka 80. Leo meli kubwa za dizeli zinazotia nanga Kilindini hupumua kwa uvumbuzi wake, na malori yanayobeba shehena zake kwenda bara vivyo hivyo. Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Turbo hutoa nguvu katika kitu kilichokuwa kikitupwa, lakini haimpi aliyeinyima injini yake haki yake kwanza.