Simon Kimbangu: mtu aliyehukumiwa bila njia ya apeli



Katika namba hii tunawaletea maisha ya Simon Kimbangu. Wengi wetu tunajua jina lake kwa sababu ya kanisa, na tangu mwaka 2023 kwa sababu tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika inchi nzima. Lakini kesi yake ya mwaka 1921 haijulikani sana. Tunaona inafaa ijulikane, juu kuna wamemba waliorudi kutoka ukimbizini wakakuta parsele imekaliwa, ugomvi ukaanza, na mwisho wakajikuta mbele ya tribinali kama washitakiwa. Swali lao linakuwa moja: mtu afanye nini kama mwamuzi ameegemea upande?

Kimbangu alizaliwa Nkamba, kule Bas-Congo, karibu mwaka 1887. Alibatizwa mwaka 1915 na wamisionari Wabatisti kutoka Uingereza, akafundisha neno la Mungu kijijini. Yeye na bibi yake, Marie Muilu, walizaa vijana watatu. Kwa muda alishuka Léopoldville kutafuta kazi, kama wengi wa wakati ule, kisha akarudi nyumbani.

Tarehe 6 Aprili 1921, kama wanavyosimulia waamini wake, alimponya mwanamke mgonjwa katika kijiji cha Ngombe Kinsuka. Habari ilitembea upesi. Watu waliacha kazi za wazungu, waliacha hospitali, wakapanda Nkamba kwa wingi. Serikali ya Wabelgiji ikaingiwa na woga. Mwezi wa 5, administrateri Léon Morel alifika Nkamba kujionea, na hakupendezwa. Mwezi wa 6 alirudi na askari ili amukamate, lakini Kimbangu akaponyoka. Mwezi wa 8 eneo lile likawekwa chini ya amri ya kijeshi. Mwezi wa 9 Kimbangu alirudi Nkamba mwenyewe, akajitoa mikononi mwao.

Ile amri ya kijeshi ndiyo ilimumaliza, hata mbele kesi haijaanza. Juu yake hakupelekwa kwenye tribinali ya kawaida. Alipelekwa kwenye baraza la vita, ambako hukumu ikishatoka, hakuna fasi ingine ya kuipeleka. Baraza lilikaa Thysville, leo Mbanza-Ngungu, mpaka tarehe 3 Oktoba 1921. Mkubwa wake alikuwa komanda De Rossi, afisa wa jeshi. Kimbangu hakuwa na avoka. Alishitakiwa kuharibu usalama wa serikali, na wenye kukaa kwenye kiti cha kuhukumu walikuwa watu wa serikali ile ile, ndani ya nguo za kijeshi. Yaani aliyejiona amekosewa ndiye alikata maneno. Kimbangu hakushitakiwa kuua mtu hata mmoja. Walimuhukumu fimbo 120, kisha kifo.

Ilibaki paka kuomba huruma. Wamisionari wa Kiprotestanti wakaomba, na mwezi wa 11 mfalme Albert I aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Hapa tuangalie vizuri, wandugu. Huruma inapunguza adhabu, lakini inaacha hukumu isimame, na mtu anabaki mkosefu kwenye vitabu vya serikali. Apeli ni jambo lingine: inauliza kama hukumu yenyewe ilikuwa ya haki. Kimbangu alipewa ile ya kwanza, akanyimwa hii ya pili.

Walimupeleka mbali na kwao, Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Alifungwa miaka 30, akafia mikononi mwa wafungaji wake tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake wengi nao waling'olewa vijijini na kutupwa katika majimbo mengine. Sisi tuliokimbia tunajua uzito wa jambo hilo. Mama Muilu alibaki akilinda kazi kwa siri. Kanisa lilikubaliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959, miezi michache kisha kifo chake. Mwaka 1960 mwili wa Kimbangu ulirudishwa Nkamba.

Hukumu bado ilikuwa imesimama. Ni mwaka 2011 tu ndipo Mahakama Kuu ya Kijeshi ya Kinshasa iliirudilia kesi ile na kuifuta. Ilikuwa imepita miaka 90.

Leo sheria yetu si ile ya 1921. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 19, inampa kila mtu haki ya kujitetea na kusaidiwa na avoka. Kifungu cha 21 kinampa haki ya kupinga hukumu. Na tribinali za kijeshi zimewekwa kwa ajili ya askari na polisi. Lakini haki inaisha muda. Katika kesi ya makosa, apeli inafanywa ndani ya siku 10 tangu hukumu kutangazwa, ao tangu kuletewa karatasi yake kama hukuwepo.

Tena, kusema tu kwamba mwamuzi alinichukia haitoshi. Sheria inataka sababu inayoonekana: ni ndugu ao shemeji wa yule mnayeshitakiana, ana faida katika ile parsele, ana uadui unaojulikana, ao alishatoa maoni yake juu ya kesi mbele ya kuisikiliza. Ukijua jambo kama hilo, usilifiche ukingoja uone kama utashinda. Omba mwamuzi abadilishwe wakati kesi bado inasikilizwa, na hakikisha karani ameliandika. Jambo lililoandikwa ndilo avoka atalishika kwenye apeli. Lile ulilonung'unikia nje, kwenye baraza la tribinali, halitamsaidia.

Kwa hiyo tunaomba: mumemba akihukumiwa, jamaa wafike kwetu siku ile ile ao kesho yake, na karatasi zote walizo nazo. Wasingoje wiki ipite wakitafuta mukubwa wa kuwaombea huruma. Na ninyi marafiki wenye kutoa, mjue kwamba msaada unaomfikia mtu siku ya 3 unaweza kumfungulia mlango, na ule ule ukifika siku ya 11 unakuta mlango umefungwa.