Funzo la rubani aliyegeuka mtetezi wa wanyama

Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha maneno yenye maana zaidi ya moja, aghalabu huanza na neno ndege. Yuko ndege aliyeumbwa na Mola, mwenye mabawa na manyoya, na iko ndege iliyoundwa na binadamu kwa chuma na mafuta. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotusaidia kuwatenga: ndege huyu anaruka, ndege hii inaruka. Kila ninapolikumbuka somo hilo, humkumbuka pia mtu ambaye maisha yake yaligawanyika baina ya ndege hao wawili. Huyo ni Charles Lindbergh, rubani wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1974, na ambaye sehemu ya mageuzi yake ilitokea papa hapa nchini mwetu.

Namleta mbele ya walimu na wanafunzi leo nikijua fika kwamba hakuwa malaika. Maisha yake yanatulazimisha kulijibu swali ambalo shule zetu hupenda kulikwepa: tumsimulie vipi mtu aliyetenda makuu na pia akakosea makuu?

Lindbergh alizaliwa mjini Detroit tarehe 4 Februari, 1902, akalelewa katika shamba karibu na mji mdogo wa Little Falls, jimbo la Minnesota, kando ya mto Mississippi. Mama yake alikuwa mwalimu wa kemia. Baba yake alikuwa wakili aliyekaa katika bunge la Washington kuanzia 1907 hadi 1917, na aliyejulikana kwa kupinga nchi yake kuingia katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kijana huyo alijiunga na Chuo Kikuu cha Wisconsin kusomea uhandisi, lakini masomo yalimchosha, na mwaka wa 1922 akaenda Nebraska kujifunza urubani. Wanafunzi wasidhani kwamba hapa pana ruhusa ya kuacha shule. Alichokikimbia darasani alikikuta jeshini. Mwaka wa 1924 aliingia katika shule ya marubani wa jeshi huko Texas, na huko alilazimika kusoma kuliko alivyowahi kusoma maishani. Kati ya makuruta zaidi ya 100 walioanza, wasiofika 20 ndio waliohitimu mwezi Machi 1925, naye akawa wa kwanza wao.

Baada ya kupewa cheo cha luteni katika jeshi la akiba, alipata kazi ya kusafirisha barua kwa ndege kati ya St. Louis na Chicago. Ilikuwa kazi ya hatari, hasa usiku na wakati wa ukungu. Wakati huo tajiri mmoja, Raymond Orteig, alikuwa ameahidi dola 25,000 kwa rubani atakayeruka kutoka New York hadi Paris, au Paris hadi New York, bila kutua. Marubani kadhaa mashuhuri walikuwa wamekwisha kuangamia wakiitafuta zawadi hiyo. Lindbergh aliondoka New York asubuhi ya tarehe 20 Mei, 1927, peke yake, katika ndege ya injini moja iliyoitwa Spirit of St. Louis. Alitua Paris usiku wa siku ya pili, baada ya muda wa saa 33 na nusu na safari ya kilomita zipatazo 5,800. Alikuwa na umri wa miaka 25. Ulimwengu mzima ulimwimba.

Sifa hizo ndizo zilizomtia mashakani. Mwaka wa 1929 alimwoa Anne Morrow, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri na rubani pia. Usiku wa tarehe 1 Machi, 1932, mtoto wao wa kwanza, mvulana wa miezi 20, aliibwa kitandani mwake. Mwili wake ulipatikana tarehe 12 Mei. Waandishi wa habari na washakunaku hawakuwapa wazazi hao nafasi ya kuomboleza, na mwishoni mwa 1935 wakaihama Marekani na kwenda kuishi Uingereza.

Hapa ndipo hadithi inapoingia doa. Kati ya 1936 na 1938, Lindbergh alizuru Ujerumani mara kadhaa kutazama ndege za kivita za utawala wa Hitler, na mashine zile zikamvutia mno. Mwezi Oktoba 1938 alipokea nishani kutoka kwa Hermann Göring, kiongozi wa Wanazi, na hata aliposhauriwa airudishe, alikataa. Aliporejea kwao akawa msemaji mkuu wa waliotaka Marekani isijiingize vitani. Kupinga vita si dhambi. Baba yake alipata kufanya hivyo kwa heshima. Lakini tarehe 11 Septemba, 1941, katika hotuba aliyoitoa Des Moines, jimbo la Iowa, Lindbergh aliwataja Wayahudi kuwa miongoni mwa makundi yaliyokuwa yakiisukuma nchi vitani. Alisema hayo wakati Wayahudi wa Ulaya walikuwa wakiuawa kwa maelfu. Shujaa wa jana akawa mtu wa kuzomewa, na mimi naona alistahili kuzomewa.

Marekani ilipovamiwa mwezi Desemba mwaka huo, aliomba arudishiwe cheo chake cha kijeshi alichokuwa amejiuzulu. Serikali ya Rais Roosevelt ilimnyima. Hata hivyo, mwaka wa 1944 alikwenda bahari ya Pasifiki akiwa raia, akawafundisha marubani vijana namna ya kubana mafuta ili wafike mbali zaidi, na yeye mwenyewe akaruka vitani takriban mara 50. Vita vilipokwisha barani Ulaya, alizuru kambi ya Dora nchini Ujerumani, ambako wafungwa walifanyishwa kazi ya kuunda makombora hadi wakafa. Aliyaona kwa macho yake yale ambayo mashine alizozisifu zilikuwa zimejengwa juu yake. Mwaka wa 1948 alichapisha kitabu akionya kwamba sayansi isiyo na maadili itamwangamiza binadamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo alipofika Kenya. Alipiga kambi katika nchi ya Wamaasai, akalala chini ya migunga, akaamshwa na sauti za ndege na wanyama kabla ya mapambazuko. Mwaka wa 1964 aliandika katika jarida la Reader's Digest kuhusu aliyoyatafakari huku. Alikiri kwamba kuunda ndege ya chuma ni kazi nyepesi ikilinganishwa na ile iliyomfanya ndege wa porini awe alivyo. Fikiria, msomaji, uzito wa ungamo hilo kutoka kwa mtu ambaye jina lake lilikuwa sawa na injini na mabawa ya chuma. Alikuwa ameyatazama mabara kutoka angani kwa zaidi ya miaka 40, akaona jinsi misitu ilivyopungua na miji ilivyotambaa. Alichokiona juu, alikielewa alipoketi chini.

Tangu hapo hadi kufa kwake, aliutumia umaarufu wake kuwatetea viumbe wasioweza kujitetea. Alihudumu katika halmashauri ya shirika la World Wildlife Fund. Aliwaendea wakuu wa Peru kuwasihi wapunguze uwindaji wa nyangumi. Alikwenda Ufilipino kumwombea kwa Rais Marcos yule nyati mdogo wa kisiwa cha Mindoro, na tai mkubwa wa nchi hiyo, wote wakiwa karibu kutoweka. Mwaka wa 1968 alilihutubia bunge la jimbo la Alaska juu ya kuhifadhi wanyamapori, ilhali kwa miaka mingi alikuwa amekataa kusimama jukwaani. Alizipinga hata ndege za abiria zinazokwenda kasi kuliko sauti, ingawa alikuwa mshauri wa kampuni ya ndege ya Pan American tangu 1929. Alijua kwamba ndege alizosaidia kuzieneza ndizo zilizokuwa zikiwafikisha watu kila pembe ya dunia iliyokuwa imesalimika.

Hata hivyo, yapo mawili ninayotaka kuyaongeza. La kwanza ni kwamba wanyama aliowakuta Umaasaini hawakuwa wamejihifadhi wenyewe. Waliishi kwa sababu wafugaji wa huko, kwa desturi yao, walitegemea ng'ombe wala hawakuwinda kwa ajili ya kitoweo. Mwaka ule ule aliofariki Lindbergh, Amboseli ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa, na wafugaji wakatakiwa kuziacha chemchemi walizonyweshea mifugo yao tangu enzi za mababu. Uhifadhi unaompenda ndovu na kumsahau jirani yake ndovu ni uhifadhi wa mguu mmoja. Sifa za mgeni zisitufanye tuwasahau wenyeji.

La pili linahusu yeye mwenyewe. Mwezi Agosti 1974, alipojua kwamba saratani imemshinda, aliondoka hospitalini New York akasafirishwa kwa ndege, safari hii akiwa abiria tu, hadi kisiwa cha Maui huko Hawaii. Alipanga mazishi yake mwenyewe, na akaagiza jeneza la mbao za mkaratusi. Alifariki tarehe 26 Agosti, akazikwa karibu na bahari. Hakuwahi kuikana hadharani hotuba yake ya 1941. Na mwaka wa 2003, uchunguzi wa chembe za urithi ulithibitisha kwamba alikuwa na watoto nchini Ujerumani nje ya ndoa yake, jambo alilolificha hadi kaburini.

Basi tumweke wapi mtu huyu? Wako watakaosema nyangumi na tai wameyafuta makosa yake. Sikubaliani nao. Wema aliotendewa mnyama hauwezi kulipa deni la dhuluma aliyotendewa binadamu. Wako pia watakaosema kwamba, kwa ajili ya makosa hayo, utetezi wake wa wanyama haufai kutajwa. Hao nao siwaungi mkono, kwani nyati wa Mindoro hakumwuliza mtetezi wake historia yake. Wahenga walisema hakuna masika yasiyo na mbu. Anayeisimulia mvua bila mbu amedanganya, na anayesimulia mbu peke yao amedanganya vile vile.

Nawaomba walimu wenzangu waache desturi ya kuwapa wanafunzi mashujaa waliosuguliwa wakang'aa. Mwanafunzi akilelewa na hadithi za watu wasio na doa, siku atakapoligundua doa atayatupa yote, mema na mabaya. Afundishwe mapema kwamba aliye bingwa angani aweza kuwa mjinga katika siasa, na kwamba umaarufu wa kazi moja si cheti cha hekima katika kila jambo. Nanyi wanafunzi, mnaoishi katika nchi iliyomfundisha rubani huyo akiwa na umri wa miaka 60, msingoje uzee. Kesho alfajiri, kabla ya kengele ya shule, tokeni nje mkasikilize. Iwapo mtasikia ndege yule mwenye manyoya, jueni kuna mtu aliyemwachia mti wa kutua. Iwapo hamtamsikia, ulizeni ni nani aliyeukata.