Kristen Nygaard, Mnorwei aliye nyuma ya kitufe unachobonyeza

Ukifungua VLC kusikiliza wimbo kwenye kompyuta, kila unachobonyeza, iwe kitufe, menyu au dirisha lenyewe, ndani ya programu ni kitu kinachojitegemea: kina taarifa zake na kinajua la kufanya kikiguswa. Fikra hiyo ilizaliwa Norway, wakati kompyuta hazijawa na dirisha lolote la kubonyeza.

Kristen Nygaard alizaliwa Oslo mwaka 1926. Mwaka 1948 aliingia taasisi ya utafiti wa ulinzi, akapiga hesabu za kinu cha kwanza cha nyuklia cha nchi yake. Mwaka 1960 alihamia Kituo cha Kompyuta cha Norway. Huko, yeye na Ole-Johan Dahl walitengeneza lugha ya programu iitwayo Simula.

Chukua daraja la kulipia. Malori, mabasi na magari madogo yote hupanga foleni, ila kila aina ina mambo yake. Je, mtu aandike maelezo yale yale upya kwa kila aina? Jibu lao: andika mara moja yanayohusu gari lolote, kisha lori na basi virithi hayo na kuongeza ya kwao. Hiyo ndiyo Simula 67. Leo kitufe nacho hurithi hivyo hivyo, ndiyo maana mtengenezaji wa programu haanzi kukichora upya. Bjarne Stroustrup aliichukua fikra hiyo akaunda C++. Kwa C++, kampuni ya Trolltech, iliyoanzishwa Oslo kwa Nygaard mwaka 1994, ikatengeneza Qt, mfumo ambao VLC huutumia kujenga madirisha yake.

Lakini binafsi navutiwa zaidi na Nygaard wa nje ya ofisi. Miaka ya 1970 alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma, ili wenye kuzitumia kompyuta kiwandani wawe na usemi kabla hazijaletwa. Baadaye aliongoza kampeni ya kupinga Norway kujiunga na Umoja wa Ulaya, na kura ya maoni ya 1994 ikawapa ushindi.

Yeye na Dahl walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Dahl alifariki Juni 29, 2002, Nygaard akamfuata Agosti 10. Hotuba ambayo washindi hutoa hawakuwahi kuitoa.