Ibn Khaldun: Mwalimu wa Wanaosoma Maendeleo



Katika jumuiya yetu wako kaka na dada wengi wanaosoma shahada ya maendeleo ya kimataifa. Sisi wa masomo ya Kiislamu huwatania kwamba wanafundishwa kuandika barua za kuomba fedha kwa wafadhili. Wao hutujibu kwamba kazi yetu sisi ni kusoma habari za watu waliokufa zamani. Basi katika toleo hili nimeona niwaletee habari za mmoja wa hao waliokufa zamani, mtu ambaye pande zote mbili zina haja naye.

Abdurrahman bin Muhammad, maarufu kwa jina la Ibn Khaldun, alizaliwa Tunis tarehe 1 Ramadhani mwaka 732 Hijria, sawa na Mei 1332. Asili ya ukoo wake ni Hadhramaut. Wazee wake walikaa Sevilla, Andalusia, kwa karne nyingi, wakahamia Afrika ya Kaskazini kabla Wakristo hawajauteka mji huo mwaka 1248. Alihifadhi Qur'ani, akasoma nahau, hadithi na fiqhi ya Imam Malik, kisha mantiki na hesabu kwa Sheikh al-Abili.

Alipokuwa na miaka kumi na saba hivi, tauni kubwa iliingia Tunis. Iliwachukua baba yake, mama yake na wengi wa walimu wake. Baadaye aliandika kwamba maradhi yale yaliacha majumba matupu na kubadili sura ya ulimwengu wote alioujua.

Yatima huyo aliingia mapema katika kazi za serikali. Alianza kuwa katibu kwa mtawala wa Tunis, kisha akaenda Fez, Moroko, kwa Sultani Abu Inan. Mwaka 1357 alishukiwa kushiriki njama, akafungwa karibu miaka miwili, hadi sultani huyo alipofariki. Mwaka 1362 alikwenda Granada, na mwaka 1364 akatumwa kuwa balozi kwa Pedro, mfalme wa Kikristo aliyekaa Sevilla. Mfalme alimtaka abaki, akamwahidi kumrudishia mali ya wazee wake. Alikataa, akarudi kwa aliyemtuma.

Mwaka 1365 alipewa cheo kikubwa cha utawala huko Bijaya, katika Aljeria ya leo. Asubuhi alishughulikia mambo ya dola, kisha akafundisha msikitini. Hapo pana jambo ambalo si vizuri kulificha. Makabila ya milimani yalikataa kulipa kodi, naye akaenda mwenyewe, akaingia nchi yao, akachukua mateka ili kodi ipatikane. Habari hiyo tunaipata kwake mwenyewe, katika kitabu alichoandika juu ya maisha yake. Miaka iliyofuata alihama kutoka kwa mtawala mmoja hadi mwingine, mara nyingine akimwacha aliyeshindwa na kumfuata aliyeshinda.

Mwaka 1375 alijitenga na siasa. Alikwenda na ahali zake kwenye ngome ya Ibn Salama, katika nyanda za juu za Aljeria, akakaa huko karibu miaka minne chini ya ulinzi wa kabila moja la Kiarabu. Ndipo alipoandika Muqaddimah, utangulizi wa kitabu chake kikubwa cha historia. Rasimu ya kwanza aliimaliza mwaka 1377 kwa miezi mitano. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Ndugu zangu wa masomo ya maendeleo, hapa ndipo penu. Ibn Khaldun aliuliza kwa nini dola huinuka na kwa nini huanguka. Alieleza kwamba mtu mmoja hawezi kujipatia hata mkate peke yake, bali mlimaji, msagaji, mwokaji na mhunzi lazima wasaidiane, na kwamba chumo la watu latokana na kazi yao. Alieleza kwamba dola changa hutoza kodi ndogo na kupata mapato mengi, kwa kuwa watu wana hamu ya kufanya kazi. Dola iliyozoea anasa huongeza kodi juu ya kodi, watu wakakata tamaa, na mapato yakapungua. Alieleza kwamba dhuluma si kumnyang'anya mtu mali tu. Kumfanyisha kazi bila ujira ni dhuluma, na kumtoza asichodaiwa kwa haki ni dhuluma, na mwisho wa dhuluma ni nchi kuharibika.

Haya yaliandikwa na mtu aliyewahi kuchukua mateka kwa ajili ya kodi. Naamini ndiyo sababu maneno yake yana uzito, kwani aliyajua kutoka upande wa mwenye kutoza.

Kitabu hicho pia kinaonya juu ya habari za uongo. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni ushabiki, kumwamini mpokezi bila kuchunguza, na kutaka kuwapendeza wakubwa. Alichukua idadi za majeshi zilizonakiliwa na wanahistoria waliomtangulia, akauliza kama watu wengi kiasi hicho wangeweza kuenea katika uwanja mmoja wa vita. Aliona haiwezekani, akazikataa.

Mwaka 1382 aliondoka Tunis kwa nia ya Hijja, akafika Misri. Alifundisha al-Azhar, na mwaka 1384 Sultani Barquq akamfanya kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki. Safari hii alisimama imara. Alikataa maombezi ya wakubwa na akawabana mashahidi wa uongo, akapata maadui wengi. Wakati huohuo meli iliyokuwa ikileta familia yake kutoka Tunis ilizama. Muda si mrefu akaondolewa kwenye ukadhi. Alihiji mwaka 1387, akateuliwa tena na kuondolewa tena mara kadhaa. Alifariki Kairo tarehe 26 Ramadhani 808, yaani Machi 1406, akiwa kadhi.

Ndugu msomaji, mwanafunzi wa maendeleo atapelekwa kijijini na dodoso mkononi. Atarudi na takwimu, na siku moja bosi atamtaka azirekebishe kidogo ili mfadhili afurahi na mradi uendelee. Mshahara wake utakuwa hapohapo, na pengine ada ya mdogo wake. Hapo ndipo elimu yake itakapopimwa. Ibn Khaldun aliwatumikia wakubwa kwa miaka mingi, na si kila alichofanya ni cha kuigwa. Lakini alipokaa kuandika aliwaandikia ukweli, na alipopewa hukumu hakuiuza, ingawa iligharimu cheo chake.

Nasi wa masomo ya Kiislamu tupunguze utani. Kumbe yule mkazi wa chumba cha pili anayesoma kodi, njaa na dhuluma anasoma milango ambayo kadhi wetu wa Kimaliki aliiandika zaidi ya miaka mia sita iliyopita.

Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe alipokosea, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.