Maulana Rumi na mlio wa nyundo za Konya

Katikati ya karne ya 13, katika soko la masonara mjini Konya, ambao leo umo nchini Uturuki, mwanachuoni aliyeheshimika alisimama ghafla njiani, akaanza kuzunguka. Hapakuwa na dufu wala filimbi. Kilichomvuta ni mlio wa nyundo zilizokuwa zikifua dhahabu, pigo baada ya pigo, bila kubadilika.

Inasimuliwa kuwa sonara Salahuddin Zarkub aliwaamuru vijana wake wasiache kugonga hata dhahabu ikiharibika, kisha naye akatoka kuungana naye. Kisa hicho kiliandikwa muda mrefu baada ya wahusika kufariki, na huenda wafuasi wamekitia chumvi.

Mwanachuoni huyo ni Jalaluddin Rumi, aliyezaliwa mwaka 1207 katika eneo la Balkh. Familia yake ilihamia magharibi muda mfupi kabla ya Wamongolia kuiteketeza miji ya huko. Baba yake, Bahauddin Walad, alifariki mjini Konya mwaka 1231, na baadaye Rumi akaishika nafasi yake ya kufundisha. Alikuwa mtu wa vitabu na sheria.

Mwaka 1244 alifika Konya darweshi mzururaji, Shams wa Tabriz. Rumi aliacha darasa kwa ajili yake. Wanafunzi wakaona wivu, Shams akaondoka, akarejeshwa, kisha akatoweka moja kwa moja. Rumi alimtafuta hadi Damascus asimpate.

Ni katika huzuni hiyo ndipo samai, yaani kusikiliza muziki kwa ibada, ilipomtawala. Alizunguka kwa saa nyingi huku midundo ikijirudia, na mashairi yakimtoka kwa Kifarsi. Mdundo usiobadilika haudai kufikiriwa. Akili huuzoea, ikanyamaza, na kinachobaki ni pumzi na jina la Mwenyezi Mungu. Aliyewahi kukaa kwenye maulidi ya homu Unguja hahitaji kuelezwa zaidi.

Wanasheria wa Konya walilalamika kuwa muziki unaipotosha dini, nao hawakuwa watu wadogo. Rumi hakurudi nyuma. Salahuddin, ambaye binti yake aliolewa na Sultan Walad, mwana wa Rumi, alizikwa mwaka 1258 kwa ngoma na filimbi, kama alivyousia.

Rumi mwenyewe alifariki tarehe 17 Desemba 1273, na Wakristo na Wayahudi walilisindikiza jeneza lake pamoja na Waislamu. Sultan Walad ndiye aliyeipa tarika ya Mawlawi utaratibu wake: darweshi huzunguka juu ya mguu wa kushoto, akilitaja jina la Mungu kimoyomoyo kwa kila mzunguko.

Mwaka 1925 serikali ya Uturuki ilizifunga nyumba zote za tarika. Samai ilirejea hadharani Konya katika miaka ya 1950, ikiruhusiwa kama maonyesho ya utamaduni. Hufanyika kila Desemba, na kilele chake ni tarehe 17, usiku ambao wafuasi wake huuita usiku wa harusi.